Vidole Vinne vya Mwalimu wa Shabaha

Mwalimu wetu wa shabaha ana kovu la mwezi mchanga juu ya jicho la kulia, pale duara la darubini lilipomkata siku bunduki ilipompiga teke. Halizungumzii. Hulipapasa tu kwa kidole gumba kabla ya kazi, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Kisha hutupitia mmoja mmoja, tumelala kifudifudi, akipima kwa vidole vinne nafasi kati ya jicho na kioo. "Usiifuate picha, mwanangu," hunong'ona. "Ukiifuata, nayo itakufuata. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nakwambia, maana nataka ubaki nayo." Hucheka peke yake. Vidole hivyo navyo vina makovu kwenye vifundo. Sisi tulidhani ni ngumi za ujanani.

Leo ilikuwa zamu yangu na ile bunduki nzito ya kuwindia nyati. Nilitetemeka hadi kitako chake kikawa kinanigonga bega kabla hata ya risasi. Picha kwenye kioo ilikuwa finyu, na bila kujua nikasogeza uso mbele kuitafuta. Vidole vyake vikaja juu ya jicho langu, kati ya paji na duara la darubini, vya baridi, vikitetemeka kuliko mimi.

"Rudi nyuma. Bado. Hapo hapo."

Nikasubiri auondoe mkono. Hakuuondoa.

"Afande, mkono wako."

Nilimtupia jicho. Alikuwa amefumba macho yote mawili.

"Mkono hupona," akasema. "Piga."