Vidonge Kwenye Kopo la Jibini

Ukimkuta Horloo ametulia, ujue anaumwa. Mama wa miaka sitini na mbili, mpishi mstaafu wa chekechea pale mjini Erdenet, siku hiyo alikuwa anafuta meza iliyokwisha takata, anachungulia dirishani, anarudi kuifuta tena. Mwanawe Zorig alikuwa njiani kuja kula, na leo ilikuwa lazima amwambie.

Amwambie nini? Kwamba ana homa ya ini aina ya B, na kwa miaka minne anameza dawa kwa siri, vidonge kavificha kwenye kopo la jibini kavu. Daktari aliyempima hakumficha kitu. Kirusi husafiri na damu hadi kwenye ini, kisha huingia kwenye seli kwa mlango uleule ambao seli huutumia kupokea chumvi za nyongo. Ndani huvua gamba, vinasaba vyake vinapenya kwenye kiini cha seli na kujifunga kama pete. Hapo ndipo balaa. Seli ya watu, maskini, inageuzwa kijakazi: kutwa kucha inatengeneza virusi vipya na kuvitoa nje vikavamie majirani. Kidonge huzuia kirusi kujinakili tu. Pete kinaiacha palepale.

"Wengi huambukizwa na mama siku ya kuzaliwa," daktari alisema. "Una watoto?"

"Sina," Horloo akajibu, uongo mkavu. Aliona aibu. Zorig alikuwa anaishi mtaa wa pili, na alizaliwa kabla chanjo haijafika nchini.

Sasa Zorig huyo anachoka ovyo, macho yameingia umanjano, na vodka haiachi.

Aliingia, akavua koti, akachukua bakuli la chai ya maziwa. "Mama, kaa basi. Unanizungusha kichwa."

Horloo hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, mgongo kwenye jiko, mpaka akafika pale pagumu. "Kama unacho kirusi hicho, nimekupa mimi."

Zorig akalitazama bakuli. "Kwa hiyo hili nisinywee?"

"Hakiambukizi kwa bakuli, mwanangu. Ni damu."

"Umejua tangu lini?"

"Miaka minne."

"Miaka minne unanipigia kelele za vodka, na hili umelikalia."

Alikasirika, na haki alikuwa nayo. Akavaa koti bila kugusa chakula. Horloo alijua mtoto ndio kaenda hivyo. Zorig akasimama mlangoni, hakumtazama.

"Vaa viatu, mama. Siendi kupimwa peke yangu."