Mama Majina, Mlinzi wa Kitabu cha Ubatizo

Alizaliwa alfajiri ya Jumatano ya Majivu, mwaka 1931, na mama yake akazikwa jioni ya siku iyo hiyo. Baba yake, fundi viatu mwenye maneno machache, alimpeleka kubatizwa kabla matanga hayajaisha. Padri alipomuuliza jina, alitamka lile alilowahi kusikia likisomwa kanisani, la mwanamke aliyefiwa: Mara, yaani uchungu. Likaandikwa kwa wino katika kitabu cha ubatizo, na kilichoandikwa humo hakifutwi.

Binti huyo alikua mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Alipotimiza miaka kumi na miwili alisoma mwenyewe Kitabu cha Ruthu, akakuta jina lake na maana yake. Alikimbia hadi kwenye kibanda cha baba yake. “Baba, mimi ndiye uchungu wako?” Mzee alikuwa amebana misumari midogo mdomoni, kama wafanyavyo mafundi viatu. Aliitoa mmoja mmoja, akaipanga juu ya soli huku machozi yakimtoka. “Mwanangu, siku ile nilikuwa nalia. Sikukutazama.” Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa wito wake.

Tangu hapo alimganda padri mzee aliyekuwa na kamusi nene ya Kiebrania. Alifagia sakristia kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kamusi. Usafi wenyewe tusiuulize. Alijifunza kwamba Isaka ni kicheko, kwamba Eliezeri ni Mungu msaada wangu, na kwamba nyuma ya majina mengi yupo mama aliyetoka kujifungua akiwa na jambo la kusema. Alipokabidhiwa kitabu, akiwa na miaka thelathini, aliweka utaratibu wake. Hakuandika jina mpaka afike nyumbani, apakate mtoto, na wazazi wamtazame huyo mtoto huku wakilitamka. Waamini wakamwita Mama Majina, na jina lake la ubatizo likabaki kitabuni tu. Wazazi wawili waliopenda Nabali kwa sababu lina mlio mzuri walielezwa kwamba maana yake ni mpumbavu. Walirudi Jumapili na Samweli, wametahayari.

Jaribu lilimjia mwaka 1974. Paroko mpya, mtu wa haraka, alizikataza zile ziara: “Mama, kazi yako ni kuandika, si kuhoji watu.” Alitii, ingawa alinuna wiki nzima, watakatifu nao hununa. Jumamosi moja akaja fundi cherehani na mtoto wa siku nane. Mumewe alikuwa amemkimbia akiwa mjamzito. Aliomba mtoto aandikwe Ikabodi.

“Andika,” alisema paroko.

Mama Majina aliweka kalamu chini. “Padri, nakutii katika yote. Hili litasubiri.”

“Basi kesho kitabu utamwachia mwingine.”

“Maana yake naijua, mama,” fundi alidakia kwa hasira. “Utukufu umeondoka. Si umeondoka kweli? Niandikie!”

Mama Majina alikwenda kabatini, akatoa kitabu cha mwaka 1931, akaweka kidole juu ya mstari mmoja. “Huyu ni mimi, mwanangu. Baba alinipenda mno, lakini kila aliponiita alimzika mama upya. Mtazame mtoto kwanza, ndipo useme.”

Fundi alifunua kitambaa. Mtoto akapiga chafya. Mama yake akacheka, kisha akalia kilio alichokuwa amekibana miezi mingi. Paroko alikuwa amekwisha lainika. “Basi awe Manase,” alisema. “Mungu amenisahaulisha taabu.”

“Sijasahau, Padri,” alisema fundi. “Nisije nikadanganya kanisani.”

“Manase alikuwa na mdogo wake,” alisema Mama Majina. “Efraimu. Mungu amenipa uzao katika nchi ya mateso yangu.”

Fundi alimtazama mwanawe, akalitamka polepole. Paroko mwenyewe ndiye aliyeiokota kalamu na kumrudishia Mama Majina.

Aliitumikia kazi hiyo hadi alipolala katika Bwana mwaka 2009, akiwa na miaka sabini na minane. Watu waliopita mbele ya jeneza walimtajia majina yao na maana zake, mmoja baada ya mwingine, mpaka jua likaelekea kuzama. Wazee wa kanisa walitaka msalaba wake uandikwe Naomi, yaani mwenye kupendeza, jina la awali la yule mwanamke wa Kitabu cha Ruthu, kumstiri. Efraimu, ambaye sasa ni seremala, alikataa. “Kule jangwani maji ya Mara yalikuwa machungu, na Mungu hakuyabadili jina. Alimwonyesha Musa mti, ukatiwa ndani, yakanyweka.”

“Andika hivyo hivyo, mwanangu,” alisema mama yake, yule fundi cherehani, “sote tumekunywa kwake.” Basi akamchongea msalaba wa mti, na juu yake: Mara.

Hadi leo wazazi huleta watoto wachanga pale kaburini, na wapo wanaosimulia kwamba walifika wakigombania jina wakaondoka wamepatana. Kanisa halijatamka neno juu ya hayo, nasi hatulitangulii. Lakini kumwiga hakuhitaji kibali: tukijaliwa mtoto, katika furaha au katika msiba, tumtazame kwanza, ndipo tumwite.