Raba za Sare

Wanawake wa jumuiya ya Mtakatifu Rita, Mbulumbulu, wakiamua jambo wameamua. Mwaka huu waliamua kwamba kwenye hija ya miguu, hadi kanisa la hija upande wa Mbulu, watavaa sare: kitenge cha buluu na raba nyeupe. Raba zilinunuliwa kwa pamoja mnadani Karatu, na za Selestina zikaja ndogo. Mtu mwenye akili zake angevaa yeboyebo zake za plastiki akaenda. Selestina alikunja vidole akazivaa hivyo hivyo, maana mwaka jana ni yeye aliyewasema wenzake kwa kuvaa ovyo.

Alikuwa na wanawe wawili. Hilary, wa kidato cha nne, alikuja shingo upande. Mdogo wake, Laurencia, wa kidato cha kwanza, alikuja kwa sababu mama alisema bila yeye safari haipo. Kwa nini, hakuambiwa.

Kufika Rhotia visigino vya Selestina vilikuwa vimechubuka. Landkruza za watalii zilipita kuelekea Ngorongoro, Laurencia akiwapungia mkono kama mbunge, mama yake nyuma akichechemea. Walipoipita Karatu na kuiacha lami, Selestina alikaa ukingoni mwa shamba la mahindi akashindwa kuinuka.

"Maza, panda boda," Hilary akasema. "Mungu mwenyewe anakuona."

"Sipandi."

"Kwa nini sasa?"

Ikabidi aseme. Laurencia alitimiza miaka mitatu, akaingia wa nne, hajasimama. Majirani walishaanza kumpa mama yake pole. Ndipo Selestina akaweka nadhiri: mtoto akitembea, wataenda wote wawili kwa miguu kushukuru. Mtoto akatembea. Kisha ikawa palizi, ikawa mavuno, kila mwaka na udhuru wake, hadi akaona aibu hata kuitaja.

Laurencia akainama, akavua raba zake za shule, zilizokuwa pana.

"Vaa hizi, Mama. Mimi nina ndala kwenye begi."

"Na sare?"

"Mama, jamani."

Akavaa. Raha iliyompanda kutoka vidoleni hakuwahi kuijua. Hilary alichukua furushi la mama yake bila kuombwa, na jioni, walipokutana na kwaya ya wasichana wa kigango kingine, alianza hata kuimba, tena kwa sauti nzito ambayo nyumbani haijawahi kusikika. Mama yake alijifanya haoni.

Kilima cha mwisho kilikuwa kikali. Laurencia alikipanda na ndala zake kana kwamba anatumwa dukani, akawapita akina mama wa sare mmoja baada ya mwingine.

"Laurencia, ningoje!"

"Tembea, Mama," binti akajibu bila kugeuka.

Selestina akasimama katikati ya njia, akicheka huku machozi yanamtoka, na moyo umejaa furaha. Alimwomba Mungu mtoto huyu atembee. Hakuwahi kufikiri kwamba ipo siku atamwomba mtoto mwenyewe apunguze mwendo.