Mguu Wangu na Kuku wa Giheke

Niliondoka Bukavu kwa sababu ya mguu wa kulia. Mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu huo ulikuwa umepinda chini ya goti. Nikishona suruali moja, maumivu yalipanda mpaka kiunoni. Wateja walianza kuchukua vitambaa vyao wakisema watarudi, na hawakurudi. Nikaona nisipopasuliwa na daktari, mguu ukavunjwa upya na kunyooshwa, nitakufa njaa na uzi mkononi.

Mguu haukupinda wenyewe. Mwaka uliotangulia nilianguka na pikipiki Giheke, upande wa Rwanda, anakoishi shangazi yangu, Maman Vumilia. Hospitali hatukwenda. Shangazi alimwita mzee anayeunga mifupa. Mzee aliunyoosha mguu, akaufunga kwa majani na vijiti, kisha akamchukua kuku mweusi wa shangazi, tetea mwenye afya, akamvunja mguu uleule na kumfunga vijiti kama vyangu. Ndiyo desturi yao: mgonjwa na kuku wanatibiwa pamoja, na siku kuku akitembea, mgonjwa naye anafunguliwa. Kuku alitembea baada ya majuma matatu. Nikafunguliwa, nikasimama, na mfupa ukapinda chini yangu. Wa kuku ulibaki umenyooka. Mzee akaagiza kuku asiliwe wala asiuzwe, kwa maana tayari ana mfupa wangu ndani yake.

Jumatatu asubuhi tulivuka daraja la Rusizi kuingia Rwanda, mimi na mke wangu Nabintu. Yeye alibeba blanketi, beseni, sahani na mkaa, kwani hospitalini mgonjwa huja na nyumba yake. Askari wa mpakani aliuliza tunakwenda wapi na mizigo yote ile. "Kuvunjwa muguu," nilimjibu. Alicheka akagonga muhuri. Mimi nilikuwa nimesema kweli tupu.

Saa nne tulikuwa mjini Kamembe, na kabla ya adhuhuri pikipiki mbili zilitufikisha Giheke. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya chai. Kuku alikuwa mlangoni kabla ya shangazi. Hakunitazama usoni, alitazama mguu.

"Tangu asubuhi haikukula," shangazi alisema. "Ilisimama tu hapo, inaangalia njia. Nilijua unakuya."

Mchana kutwa, nilipohamisha kiti, kuku alihama akaja kulala kando ya mguu wangu wa kulia. Nikimfukuza aliondoka hatua tatu, akarudi. Kesho yake alfajiri, wakati wa kuondoka, shangazi aliniambia nimuage kuku, nimweleze ninakwenda kufanya nini. Nikaona haya, mtu mzima kuaga kuku mbele ya mke wake. Nilipanda pikipiki bila neno.

Jumanne tulikuwa hospitalini, juu ya mlima, jina lake nisiliseme. Daktari alizaliwa Bukavu akarudi kwao Rwanda, kwa hiyo tulielewana bila kutafuta maneno. Aliinua picha ya mfupa dirishani.

"Mufupa ilishikana vibaya," alisema. "Tutaivunja tena palepale, tuinyooshe, tuifunge na plaki ya chuma na visi. Nani alikufungulia mbele ya wakati?"

"Ni familia," nilisema. Habari ya kuku niliimeza.

Kisha zikaja gharama. Wenyeji wana bima ya afya, mimi mgeni nililipa bei kamili, na plaki na skrubu zake zilikuwa na hesabu yake peke yake. Nilikuwa nimeuza cherehani yangu ya pili, ile ya umeme, iliyokaa bure kwa kukosa umeme. Nilipoona chuma hicho kwenye pakiti, chembamba mfano wa rula ya fundi, nilisikitika kwamba cherehani nzima imeingia humo. Walinipima damu, wakaninyoa mguu, wakauchora alama kwa kalamu ili wasikosee, wakaniambia nisile wala kunywa kitu kuanzia jioni. Nabintu alitia sahihi kwenye karatasi pamoja nami.

Jumatano saa nne walinichoma sindano ya mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini nikawa sina mwili, lakini macho na masikio yalibaki. Walisimamisha pazia kifuani. Nilisikia nyundo. Nikasikia mfupa ukilia, mlio mkavu wa ukuni unaovunjwa gotini, na sikuhisi chochote. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba mfupa wangu ulivunjika na mwenye kuumia sikuwa mimi. Nikajiuliza maumivu yale yamekwenda wapi. Mashine ya kutoboa ikaanza, na harufu yake nisingependa kuisikia tena.

Saa nane nilikuwa kitandani. Nabintu alikuwa na simu mkononi na uso umemshuka. Nilimlazimisha aniambie, akampigia shangazi tena na kuiweka simu kwenye spika nisikie mwenyewe.

"Balikukata saa ngapi?" shangazi aliuliza.

"Saa ine."

"Saa ine kuku ilianguka hapa kwa lupango, inje ya nyumba," alisema. "Nilikuwa natwanga majani ya sombe, nilikuwa naiona na macho yangu. Hakuna muntu aliigusa. Muguu imepinda, haiko inasimama."

Siku ya tisa waliniruhusu. Daktari alinipa magongo na amri: majuma sita bila kukanyaga, nikikunja goti kila siku, kisha nianze kukanyaga kidogo kidogo. Nikaenda kupona kwa shangazi. Kuku alilala kwenye kikapu jikoni, shangazi akimlisha kwa mkono. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, nilimtazama kama amesimama. Juma la sita lilifika, hajasimama. La saba. La nane. Nabintu alinisihi nikanyage, nikasema bado mfupa haujakomaa. Uongo ule aliujua. Hata goti niliacha kulikunja, maana nikilikunja kuku alijikunyata.

Juma la kumi tulirudi kwa daktari. Aliminya paja langu, lilikuwa limebaki ngozi.

"Picha ni muzuri, mufupa ilishashikana," alisema. "Ila goti inakauka. Unangoja nini, Fundi?"

Nabintu ndiye aliyejibu. "Anangoja kuku, Dokta." Akamweleza yote, tangu vijiti vya mzee mpaka simu ya saa nne. Nilitaka sakafu inimeze.

Daktari hakucheka. Aliirudisha picha ndani ya bahasha polepole.

"Mara ya kwanza kuku ilikutangulia, ukaifuata, mufupa ikapinda," alisema. "Sasa imebaki nyuma na bado unaifuata. Ngoja mwezi ingine, hiyo goti haitakunjika hata nikikukata tena. Na muguu isiyokunjika haiendeshe mashini."

Alasiri ile tulirudi Giheke. Nilimwomba shangazi amtoe kuku nje amweke kwenye jua, mbele yangu. Sikutaka kufanya jambo hilo kwa kumficha. Nikampa Nabintu gongo la kulia, nikashusha mguu, nikauegemea.

Kuku alilia.

Ulikuwa mlio mmoja, mrefu, sijawahi kuusikia kwa kuku. Shangazi alishika mdomo. Labda gongo lilimtisha, labda kivuli changu, nimejiambia hayo mara nyingi. Mguu ulinibeba, haukupinda. Niliogopa mno, jasho lilinitoka hadi mgongoni, nikapiga hatua ya pili. Akalia tena. Ya tatu, akalia. Nilikwenda hivyo hadi kwenye ua, nikageuka na kurudi, machozi yakinitoka, na hakuna hatua hata moja aliyoinyamazia.

Mwezi uliofuata nilivuka daraja kurudi Bukavu bila gongo, goti likikunjika. Nashona tena. Kwa mwenye mfupa uliovunjika nasema haya: nenda hospitali siku ileile, uliza bei ya chuma kabla ya kulala kitandani, beba blanketi, na usimfiche daktari kitu. Nimejifunza pia kwamba kupona kunataka moyo mgumu kuliko kuugua, na huo sikuwa nao, niliuazima kwa mke wangu.

Kuku yu hai, hajasimama mpaka leo. Ana nini sijui, na sijauliza. Nikienda kumsalimia shangazi hupita nyuma ya nyumba, kwenye majani, nikiweka mguu wa kulia chini taratibu ili asinisikie nikitembea.