Mji wa kale uliogeuka shamba

Jamani, leo nusura tutangaze mji wa kale hapa Mbinga!

Mimi na profesa wangu wa akiolojia tulikuwa tunakokota rada ya kupima ardhi kwenye mlima wenye kichaka. Kioo chake kikaonyesha miraba chini ya udongo, imepangana mteremko mzima.

Profesa akapiga kelele: "Nyumba! Hizi ni nyumba!"

Nami nikaruka naye. 😂

Halafu nikatazama mlima wa pili. Akina mama walikuwa wanachimba ngoro, mashimo yetu Wamatengo ya kulimia milimani. Miraba ileile!

"Profesa, hili ni shamba."

Akatazama miti iliyotuzunguka. "Lakini hata wazee wa kijiji walisema hakuna anayekumbuka kuona shamba hapa."

Basi ni za kale mno! Ngoro za mababu, chini ya miti!

Mimi niliyekimbilia chuo kukwepa kuchimba ngoro, leo nimezishangilia hadi sauti imekauka.

Mama, najua unasoma. Cheka taratibu.