Mafiga yangu ya jangwani

Mimi ni kinyozi wa mtaa wa Berea, na kanisani nimepewa ukalimani kwa sababu naringia Kiingereza changu. Basi mwezi uliopita, kikundi chetu kilipokwenda kupiga kambi jangwani, kwenye mbuga ya Wanama, wenyeji wa kwanza wa kule, ni mimi niliyewasomea wenzangu masharti getini: tusiondoe kitu, hata jiwe. Nilisoma kwa sauti ya mchungaji.

Mchana zamu ya kupika fufu, ugali wetu, ikawa yangu. Kuni tulibeba, mafiga hatukubeba, na pale iko mchanga tu. Nyuma ya hema nikaona rundo la mawe limekaa bure. Nikachagua matatu mazuri, nikateleka sufuria, nikajiona mtu wa porini kabisa.

Mara dada Mnama anayetembeza wageni akatuita kwenye lile rundo. Akaeleza kwa Kiingereza, nami nikatafsiri: "Anasema hapa wanakumbuka mababu. Kila mpita njia anaongeza jiwe moja."

Halafu akasema tangu zamani hakuna aliyetoa hata moja. Hiyo sikuitafsiri.

Wenzangu wakatawanyika kutafuta mawe ya kuongeza. Hawakupata hata kokoto. Wakasimama, kisha mmoja mmoja wakageukia moshi wangu.

Mama Furaha, anayeuza vitenge mtaa wa Cato Manor na ambaye miaka yote namtafsiria mahubiri, akainua sufuria kwa kanga yake.

"Eish, Papa Deo. Ile Kiingereza yake ya mwisho nimeisikia mwenyewe," akasema. "Wewe utaweka matatu. Lakini ngojea yapoe."