Dirisha la Mama Mkwe

Kwa miaka mingi mama mkwe wangu alinijua kwa kikohozi. Nikifika kwake, juu kidogo ya Runyenjes, nilisimama pale njia inapoingia shamba la kahawa, nikakohoa kama mtu mwenye homa, kisha nikasubiri. Yeye aliacha alichokuwa akifanya, akaingia jikoni, mlango ukafungwa. Hapo ndipo nilipopita. Niliwekewa kiti uani, chakula kikaletwa na mke wangu, nikala, nikaushukuru ukuta wa jikoni kwa sauti, nikaenda zangu.

Siku hizi wengi wameyaacha mambo haya. Jirani yangu pale soko la Gakoromone, Meru, ninakouza kabichi na viazi, humpigia mama mkwe wake simu wakacheka mpaka wateja wakachoka kusubiri. Lakini mama yetu alilelewa hivyo: mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, na heshima yenyewe ni kutoonana uso kwa uso. Hakuwa na kinyongo nami. Kila msimu alinitumia ndizi na nduma, tena zile nzuri ambazo angeweza kuziuza. Mimi nilimtumia sukari, na mara nyingine blanketi. Tulipendana sana, mradi tusikutane.

Kisha masika fulani mvua ikaiangusha nyumba yake. Ilikuwa nyumba ya udongo, na ukuta wa chumba chake uliporomoka asubuhi akiwa ametoka kumkamua ng'ombe. Mungu ni mwema. Alilivuta godoro lake hadi jikoni akaanza kulala kando ya mafiga, katikati ya moshi na kuku. Mke wangu, ambaye ni mtoto wake wa pekee, alikwenda kumwona, akarudi Meru macho yakiwa mekundu, na sikujua kama ni moshi au ni kilio.

"Siku hizi anakohoa kukushinda," aliniambia.

Nilisema tumlete kwetu. Mke wangu akatikisa kichwa. Mama yake kulala chini ya paa la mkwe? Angekubali kwanza kulala na ng'ombe.

Kanisa lao ndilo lililopeleka jina lake kwa shirika moja la Kikristo linalojenga nyumba za bei nafuu. Walikuja, wakaona, wakakubali. Ila wana desturi yao, nao hawaipindishi kwa yeyote: hawamjengei mtu, wanajenga na mtu. Watu wa kujitolea huleta mikono yao, na familia ilete yake. Familia isipotokea, vifaa hubebwa vikapelekwa kwa inayofuata kwenye foleni, na foleni ilikuwa ndefu. Sasa hesabu familia yetu: mama mzee mwenye kifua kibovu, mke wangu akinyonyesha, na mimi. Yaani mimi ndiye niliyetakiwa kumjengea mama mkwe chumba cha kulala, mwanamke ambaye sikuwahi kumtazama usoni.

Nilifunga kibanda changu, nikaenda na mke wangu na mtoto. Sikulala pale bomani, hilo lisingewezekana. Nililala kwenye darasa la shule ya Jumapili pamoja na wale wa kujitolea, na kila asubuhi tukapanda mlima pamoja.

Fundi mkuu wa shirika alikuwa mtu wa Embu, mpole wa maneno na mkali wa macho. Alianza kila siku kwa sala fupi, kisha akatukagua mashavuni kama kuna aliyeficha majani ya muguka ya kutafuna. Kazi yenyewe ilikuwa ya jasho. Tulichekecha udongo mwekundu wa palepale, tukauchanganya na saruji kidogo, tukaujaza kwenye mashine ya chuma, tukaning'inia kwenye mpini wake mpaka tofali likatoka limeshindiliwa. Walikuwapo vijana wa kanisa, walimu waliokuwa likizoni, na kikundi cha wageni kutoka ng'ambo waliogeuka wekundu kuliko udongo wetu. Mimi kazi yangu ni kabichi, na kabichi haihitaji pima maji. Fundi alipoiweka pima maji yake juu ya ukuta wangu akaniambia niubomoe nianze upya, nilimtupia maneno ambayo sitayaandika hapa. Akangoja nimalize, akanirudishia mwiko. Niliubomoa. Ukuta wa pili ulinyooka, nikafurahi kama mtoto, nikaita watu waje kuuona.

Mama naye alikuwa kazini, kwa namna yake. Nikiwa mbele ya nyumba, yeye alikuwa nyuma akimwagilia matofali maji yasipasuke. Nikizunguka nyuma nikikohoa, yeye alizunguka mbele. Tuliizunguka nyumba ile siku nzima kama mishale ya saa. Mgeni mmoja, mama mwenye mvi nyeupe kabisa, alituangalia weee, mwisho akamuuliza kijana wa kanisa kama tumegombana.

"Hapana," kijana akamjibu. "Wanaheshimiana."

Shida ilianzia kwenye dirisha. Chumba cha kulala kilikuwa na dirisha moja, na familia ndiyo inayochagua litakaa ukuta upi. Fundi aliniuliza mimi. Niliona haya mpaka masikioni. Nilimtuma mke wangu akaulize, akarudi na jibu: "Mama anasema muweke vile mnaona." Angesema nini kingine? Angewezaje kuzungumza na mkwe wake habari za mahali anapolala? Basi nikaamua mwenyewe. Upande mmoja ulitazama njia, nami ndiye ninayepita njia hiyo. Upande wa pili ulitazama migomba. Nikasema, dirisha likae upande wa migomba, hapo hakuna mkwe atakayechungulia. Fundi aliinua mabega. "Ni nyumba yenu," akasema. Nilijiona mtu mwenye adabu za kutosha.

Wakati wa chai fundi akatusimulia kuhusu mzee mmoja wa Mbeere. Alijengewa nyumba nzuri, akapewa ufunguo, akashukuru, akaijaza mahindi na mbuzi, na yeye akaendelea kulala kwenye kibanda chake cha zamani mpaka leo. Kila mtu alicheka. Mimi nilicheka nusu. Nilikumbuka lile godoro jikoni.

Siku ya kumwaga zege juu ya kuta ilifika. Zege likishamwagwa na kukauka, huwezi tena kugeuza kitu. Mke wangu alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Wengine walikaa kando wakila githeri, nami nilikuwa peke yangu nje ya ukuta wa upande wa njia, nikisafisha mwiko, mara ukuta ukaniita.

"Baba."

Niligeuka huku na huku. Hakuna mtu.

"Baba, ni wewe uko hapo nje?"

Nilikohoa.

"Wacha kukohoa, najua ni wewe. Hii dirisha, nani aliweka huko nyuma?"

Sauti yake sikuwahi kuisikia ikinijia mimi. Ilitoka ndani ya chumba, ng'ambo ya ukuta uliotupita sote wawili kimo.

"Ni mimi, mama."

"Sasa nitakuwa naangalia ndizi tu? Kwani mimi ni watchman ya ndizi?"

"Mama, niliona ni vizuri kwa heshima..."

"Heshima ni sawa. Lakini chumba haioni njia ni stoo. Mimi nitaweka mahindi hapa, nilale kwa jikoni. Nakuambia mapema ndio usikasirike."

Nilikasirika. Nilitazama mikono yangu iliyochubuka, nikafikiria kibanda changu kilichofungwa na wateja waliokwisha kuhamia kwa jirani, nikawa tayari kuutupa ule mwiko mpaka kwenye kahawa. Kisha mama akaanza kukohoa. Alikohoa kwa muda mrefu, kikohozi kikavu cha moshi, akijaribu kukizima kwa leso ili nisikisikie. Hasira yangu ikaisha yote.

"Unataka ikae wapi, mama?"

"Hapa upande ya njia. Nimekalia ndoo mahali kitanda itakaa. Wewe toa tofali. Nitakuambia ikitosha."

Nilipanda juu ya jukwaa la mbao nikaanza kutoa matofali kutoka juu. Fundi alitokea na sahani yake mkononi. Nilidhani atapiga kelele. Alisikiliza kidogo, akatoa penseli sikioni, akachora ukutani mistari miwili kunionyesha upana nisiopaswa kuuvuka, akarudi kwenye githeri yake.

"Bado," mama akasema.

Nikashuka safu moja, nikashuka nyingine. Macho niliyaweka kwenye matofali tu. Kilemba chake kilianza kuonekana, cha buluu, nikayainua macho yangu mawinguni.

"Bado. Na uangalie hiyo kazi, utaanguka."

Basi nikaangalia. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono magotini, amenyooka kama mtu aliye kanisani. Alikuwa na pengo katikati ya meno ya mbele, lilelile la mke wangu, na nyusi zilezile zinazopanda mtu akitaka kubishana. Miaka yote ile nilikuwa nikila chakula cha mikono yake bila kujua kwamba mke wangu atakuja kuzeeka vizuri hivyo. Nilifurahi, nikaona haya, nikafurahi tena. Yeye hakunitazama kwa muda mrefu. Alikuwa akitazama kupita bega langu.

"Toa moja ya mwisho."

Nikalitoa.

"Hapo. Inatosha."

Niligeuka kuona anachokiona. Mke wangu alikuwa akipanda njia kutoka barabarani, mtoto mgongoni, mwavuli mkononi, akiwa bado mbali kabisa.

"Tangu aolewe mimi nasikia tu mkifika," mama akasema. "Sijawahi waona mkikuja."

Matofali yaliyotoka upande wa njia ndiyo tuliyoyatumia kuliziba lile dirisha la migomba, na zege likamwagwa kabla jua halijatua. Siku ya kukabidhi nyumba mchungaji aliomba, mama akapewa Biblia na ufunguo, vijana wakaimba. Yule mgeni mwenye mvi alitaka picha yangu na mama tukiwa bega kwa bega. Watu wote walitazama chini. Mwishowe mama akaingia chumbani akasimama dirishani, nami nikasimama nje, kila mmoja akatazama kamera, na mgeni akasema imetoka nzuri sana.

Shirika bado linanidai jasho, yaani siku za kujenga nyumba za wengine, kama linavyoidai kila familia iliyojengewa. Kwa hiyo siku nyingine mnaweza kunikuta Kianjokoma nikining'inia kwenye mpini wa mashine kwenye boma la watu nisiowajua, nikiwafundisha wengine habari za pima maji. Swali la kwanza ninalouliza ni dirisha litazame wapi, na simuulizi mkwe.

Desemba nilikwenda Runyenjes peke yangu na gunia la viazi. Nilifika kwenye kahawa, nikalitua gunia, nikasafisha koo kama kawaida.

"Wacha hiyo kikohozi," sauti ikasema dirishani. "Nimekuona tangu kwa barabara."

Alikuwa kitandani, kilemba kichwani, kikombe cha uji mkononi. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi na mafiga yalikuwa baridi. Nililiinua gunia, nikapita mbele ya dirisha polepole, nikisikiliza kifua chake. Yeye akaendelea kunywa uji wake, na hakuna aliyekohoa.